Lakiri Ni ya Mgeni, Bahasha ya Nje Ni ya Posta

Mama wa bibi harusi anapokuja kwangu kutaka kadi, siku hizi huwa ameshaamua jambo moja kabla hajaketi: anataka lakiri. Ameiona kwenye simu, ile nta nyekundu au ya dhahabu iliyogandishwa nyuma ya bahasha na kupigwa muhuri wenye herufi za maharusi, na moyo umeshapenda. Simlaumu. Nafanya kazi ya kadi hapa Mji wa Kale, Mombasa, na katika yote yanayopita mikononi mwangu hakuna linalonifurahisha kama kuinua muhuri wa shaba na kukuta herufi zimekaa, ukingo umezunguka vizuri, nta inang'aa. Lakini swali langu la kwanza kwake si la rangi. Namuuliza, "Mama, hizi kadi zinakwenda wapi?"

Kadi ya kupelekwa Kibokoni kwa mkono na kadi ya kupostiwa Toronto si kadi moja, hata kama zimechapwa kwa wino mmoja. Ya Kibokoni itabebwa na kijana wa nyumbani, atapiga hodi, na itapokewa na mtu anayemjua. Ya Toronto itagongwa, itabanwa, itakaa juani, kisha itapitishwa kwenye mashine ambazo hazikuundwa kwa ajili ya barua yenye kinundu. Lakiri ile ile inayopendeza kwenye kadi ya kwanza yaweza kufika kwenye ya pili ikiwa vumbi jekundu na bahasha imechanika. Naandika haya kwa sababu naona familia zikitoa pesa nzuri kwa kitu kizuri, kisha kikaharibika njiani, na haikuwa lazima kiharibike.

Watu wetu wametawanyika. Ni nadra nyumba kongwe ya hapa kukosa mtu Maskati, Dubai, London au Kanada, na harusi ikifika, hao ndio wa kwanza kutajwa. Wapo wasemao karatasi imepitwa na wakati, picha ya WhatsApp yatosha. Kwa habari tu, yatosha kweli: siku, saa, ukumbi, na ramani juu yake. Mimi mwenyewe huwatengenezea watu picha hizo na sioni ubaya wake. Lakini mwaliko kwetu haukuwa habari peke yake. Zamani harusi ilialikwa kwa mdomo. Mama mtu mzima alitumwa nyumba kwa nyumba, akaingia, akaketi, akasema ametumwa na nani, na yule aliyealikwa akajua kuna mtu ametoka kwao, akakatiza jua la mchana, kwa ajili yake. Aliye Toronto hana wa kutumiwa. Kitakachomfikia kikiwa kimepita mkononi mwa mtu wa kwao ni karatasi yenye jina lake, na ikifungwa kwa lakiri anajua kabla hajaifungua kwamba imefungwa kwa ajili yake na hakuna aliyemtangulia kuifungua.

Kuna hadithi mashuhuri ya Mtume s.a.w. kwamba mmoja wenu akialikwa kwenye walima, yaani karamu ya harusi, na aende. Wengi tunaisoma upande wa mwalikwa. Mimi huisoma pia upande wa mwenye harusi: ikiwa mwito una haki kubwa hivyo juu ya anayeitwa, basi anayeita naye auite kwa heshima, hata kwa yule anayejua fika kwamba hataweza kukata tiketi ya ndege.

Na wale wanaonong'ona kwamba lakiri ni mambo ya Wazungu, huwakumbusha pete. Katika Sahihi ya Bukhari, Anas bin Malik anasimulia kwamba Mtume alipotaka kuwaandikia Warumi, aliambiwa hawasomi barua isiyopigwa muhuri. Basi akafanyiwa pete ya fedha iliyochorwa Muhammad Rasulullah, maneno matatu katika mistari mitatu, na kwayo barua zikatiwa muhuri. Baada yake ilivaliwa na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman, mpaka ilipomwangukia Uthman katika kisima cha Aris kule Madina, ikatafutwa siku tatu isionekane. Na katika Suratun Naml, Malkia wa Sabaa anawaambia wakuu wake kwamba ameletewa barua tukufu. Wapo wafasiri waliosema utukufu wa barua ile ya Nabii Suleiman ni kwamba ilikuja imetiwa muhuri. Kwamba muhuri ulipigwa juu ya nta, udongo au wino, hilo halibadilishi kitu: ni alama ya mwenye barua, na ni heshima kwa anayeipokea. Nikiyasimulia haya kwa wazee wanaowasindikiza mabinti zao, hunyamaza kidogo, kisha huanza wao kuuliza bei.

Huko Ulaya lakiri ilikuwa kazi kabla ya kuwa pambo. Uingereza, kabla ya mageuzi ya posta ya mwaka 1840, nauli ya barua ilihesabiwa kwa idadi ya karatasi na umbali wa safari. Bahasha ingehesabiwa kuwa karatasi ya pili. Kwa hiyo watu waliikunja barua yenyewe, wakaandika anwani mgongoni, na lakiri ndiyo iliyoishika isifunguke. Mageuzi yalipokuja, nauli ikawa kwa uzito, bahasha zikaenea, gundi ikapakwa kwenye ulimi wake, na lakiri ikabaki bila kazi kwenye barua za kawaida. Iliendelea kwenye barua za thamani, hati za mawakili na mifuko ya benki, na kuna wazee wa hapa mjini waliofanya kazi maofisini ambao bado wanakumbuka harufu yake.

Nataja historia hiyo kwa sababu moja. Tangu gundi ije, posta haina haja na lakiri. Haiihitaji ili ifikishe barua, na kwa hakika ingependa isiwepo. Mwenye haja nayo ni mgeni peke yake. Ukilishika hilo, maamuzi yote mengine yanakuwa mepesi: lakiri iwekwe mahali ambapo mgeni ataiona na posta haitaigusa. Maana yake ni bahasha mbili. Ya ndani ni nzuri, ina jina la mgeni kwa mwandiko wa mkono, ina lakiri. Ya nje ni ya kawaida, imara, bapa, ina anwani na stempu, nayo ndiyo itakayopigwa, kuchafuka na kutupwa. Hii ndiyo kauli yangu kwa kila anayeniuliza, na sijaona sababu ya kuibadilisha.

Kwanza tujue lakiri yenyewe ni kitu gani, maana madukani majina yamechanganyika. Mihuri ya zama za kati kule Ulaya ilikuwa ya nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa miti. Karne ya 16 ikaja lakiri ngumu, na msingi wake ulitoka Bara Hindi: mdudu mdogo aitwaye Kerria lacca hukaa kwenye matawi, hunyonya maji ya mti, na hujifunika kwa utomvu anaoutoa mwilini mwake. Matawi hukatwa, utomvu ukakwanguliwa, ukaoshwa na kuyeyushwa. Mmoja wa miti anayoipenda sana ni mkunazi, huu huu wetu wenye kunazi zinazouzwa kwa vifungu njiani. Wekundu ule maarufu ulitokana na zingefuri, madini yenye zebaki, na ni heri siku hizi imeachwa. Lakiri ya namna hiyo huwa ngumu kama kioo ikipoa. Ukiipinda, haipindi, inakatika kwa sauti. Kwa barua ya thamani huo ulikuwa ndio uzuri wake, kwa sababu mwizi hakuweza kuifungua bila kuacha ushahidi.

Kwa kadi ya kupostiwa, sifa hiyo hiyo ndiyo balaa. Barua ikipindwa kidogo tu kwenye mkono wa mtu aliyeshika fungu zima, lakiri ngumu hupasuka. Ndiyo maana sasa kuna lakiri laini, inayotengenezwa kwa polima, inayouzwa kwa vijiti virefu vya kutia kwenye bunduki ya gundi moto au kwa punje za kuyeyusha kwenye kijiko. Ikipoa inabaki kama mpira mgumu: unaweza kuikunja na ikarudi. Haing'ai kwa namna ile ya zamani, na harufu yake si ile. Mimi huitumia kwa kila kinachopitia posta, bila kubembelezana. Lakiri ngumu ya asili naiweka kwa kadi za kupelekwa kwa mkono, hasa zile za wazee wa pande zote mbili, ambao wataipokea sebuleni na kuipasua wenyewe kwa kidole gumba. Hapo sauti ya kukatika kwake ni sehemu ya mwaliko.

Iko ya tatu, nayo ni mshumaa wa kawaida uliotiwa rangi. Wapo wanaoutumia kupunguza gharama. Usiutumie. Hukwanguka kwa ukucha, huacha doa la mafuta kwenye karatasi, na joto la hapa huulegeza upesi mno.

Na joto lina mengi ya kusema. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, lakini huanza kulegea mapema sana, karibu na nyuzi 35. Mombasa mwezi wa Machi mchana hufika nyuzi 32 na 33 kivulini, na ndani ya gari lililofungwa juani joto hupita 50 bila taabu. Sanduku la kubebea mizigo nyuma ya bodaboda nalo si rafiki. Sasa fikiria kadi 50 zimepangwa moja juu ya nyingine ndani ya gari hilo, kila moja ikiielemea ya chini yake. Hata lakiri laini nzuri, isipoyeyuka, inaweza kupata alama ya bahasha iliyo juu yake, na herufi mlizochagua kwa wiki nzima zikafifia. Kwa hiyo kadi zangu hazilali ndani ya gari, hata kwa nusu saa ya kwenda kuswali. Na kati ya kadi na kadi huweka karatasi nyembamba ya kuokea, ile isiyoshika.

Kufanya kazi yenyewe wakati wa kaskazi ni mtihani. Muhuri wa shaba hupokea joto la lakiri kila unapoupiga, na baada ya kadi chache unakuwa moto, nta inang'ang'ania, ukiuinua unatoka na nusu ya jina la bwana harusi. Dawa yake ni barafu. Weka barafu ndani ya mfuko, funika kwa kitambaa, kalisha muhuri juu yake kati ya kadi moja na nyingine. Ila hewa yetu ina maji mengi, na shaba baridi hutoa jasho mara moja. Tone moja la maji likiingia kwenye lakiri ya moto, linaacha vijishimo vinavyoonekana mpaka mwisho. Kila mara upanguse kwanza. Ukigusisha ncha ya kidole kwenye mafuta ya nazi na kuyafuta karibu yote kwenye uso wa muhuri, utainuka bila kunata. Nasema karibu yote. Mafuta yakizidi, yanaingia kwenye karatasi na doa halitoki.

Usiharakishe. Lakiri ikimiminwa, ingoje kidogo ianze kutulia pembeni ndipo upige muhuri, na ukishaupiga uuache hapo hadi uhisi mwenyewe umeachia. Huko kwenye baridi wanaandika kwamba hii ni kazi ya sekunde kumi na tano. Hapa, saa nane mchana, usiiamini hesabu hiyo, kaa nayo. Mimi huzima feni nikitumia mshumaa, maana moto ukipepea hutia moshi mweusi kwenye kijiko na lakiri nyeupe hugeuka kijivu. Ndiyo sababu kazi ya lakiri naifanya baada ya sala ya Isha au alfajiri, na ikija miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, naifanya wakati wowote na moyo mkunjufu.

Wengi hudhani ni lazima lakiri imiminwe juu ya bahasha. Si lazima, na kwa kadi nyingi si vyema. Mimina juu ya kipande cha silikoni au marumaru, piga muhuri, bandua, panga kwenye sinia. Usiku mmoja unatoa za kutosha, zile mbovu unazirudisha kijikoni zikayeyuke tena, na bahasha yako haikuungua wala kuchafuka. Kisha unazibandika kwa gundi ya pande mbili. Mama mmoja aliniambia kufanya hivyo ni kudanganya. Nikamjibu kwamba mgeni ataona muhuri uliokaa sawa, na bahasha haikuguswa na moto. Sioni nani amedanganywa.

Lakini uangalie karatasi. Wachapaji wetu wanapenda sana karatasi za kung'aa na zile za lulu, na wateja nao wanazipenda, na ni kweli zinapendeza chini ya taa za ukumbi. Lakiri haishiki juu yake. Inakaa kwa uzuri siku ya kwanza, kisha unagusa ukingo na inabanduka nzima. Karatasi isiyo na ung'aavu, yenye ukavu kidogo ukiipitishia kidole, ndiyo inayoikumbatia. Na jambo jingine ambalo watu wa nchi kavu hawalijui: bahasha zenye gundi ya kulamba, zikikaa Mombasa wakati wa mvua za masika, hujifunga zenyewe ndani ya pakiti. Nunua karibu na siku ya kazi, au zihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Gundi nayo isisahauliwe. Lakiri isitegemewe kuishika bahasha. Funga ulimi kwa gundi kwanza, halafu lakiri ije juu kama shahidi. Ukitegemea lakiri peke yake, pembe za ulimi zitainuka, na bahasha ikisukumwa kwenye nyingine itang'oka.

Sasa njia. Ukipeleka barua posta, pale Digo Road au kwingineko, karani hupima uzito, unabandika stempu, na muhuri wa tarehe unapigwa juu yake. Muhuri ule hupigwa kwa nguvu. Ikiwa lakiri iko nyuma ya stempu kabisa, pigo linaishukia. Weka lakiri katikati ya bahasha ya ndani au chini kidogo, na stempu ibaki kwenye pembe yake ya juu kulia, hazitakutana. Kutoka hapo barua hufungwa mafungu, hutiwa mifukoni, na mifuko hurundikwa.

Ikifika ughaibuni ndipo inapokutana na mashine. Mashine za kupanga barua huzibana bahasha kati ya mikanda na magurudumu ya mpira, zikazipitisha kwa kasi kubwa kwenye kona. Kitu kigumu chenye kinundu hukwama, hupasua bahasha, au hupasuka chenyewe. Posta ya Marekani hutoza nyongeza kwa barua isiyoweza kupita kwenye mashine, na sababu inazozitaja ni pamoja na unene usio sawa, vifungo, kamba, na hata umbo la mraba. Na barua ya kawaida kwao haizidi robo ya inchi, yaani milimita 6 na kitu. Royal Mail ya Uingereza hutaka barua ya kawaida isizidi milimita 5. Hizo ni bei na kanuni za barua za ndani ya nchi zao, lakini mashine ni hizo hizo zitakazoipokea barua yako ikitoka uwanja wa ndege. Lakiri nene ya milimita 4, juu ya kadi nzito, ndani ya bahasha mbili, imeshavuka kipimo hicho cha Uingereza.

Basi punguza. Lakiri ya milimita 2 inatosha kushika michoro vizuri kama muhuri haukuchongwa kwa kina kirefu. Unapoagiza muhuri kwa fundi, mwambie hivyo tangu mwanzo. Achana na utepe unaopita chini ya lakiri, achana na lulu za plastiki na maua makavu, kwa zile za posta. Na uepuke umbo la mraba, ingawa najua linavutia. Kisha weka karatasi nene kidogo kati ya bahasha ya ndani na ya nje, mbele ya lakiri, ili kinundu kisijitokeze upande wa pili.

Uzito ni hesabu ndogo na inafaa ifanywe kabla ya kuchapa. Kadi ya ukubwa wa A5 kwenye karatasi ya gramu 300 kwa mita mraba ina uzito wa gramu 9 hivi. Bahasha yake, ikiwa ya karatasi nzuri ya gramu 120, nayo inakaribia 9 au 10. Hapo umefika pembeni ya gramu 20, ambacho ndicho kiwango cha kwanza kilichozoeleka kwenye barua za kimataifa, kabla hujaongeza bahasha ya pili, na lakiri ya gramu moja na nusu. Kwa hiyo bahasha mbili zitakupandisha daraja. Wanaotaka kubana matumizi nawashauri wapunguze ukubwa wa kadi, wasiondoe bahasha ya nje. Kadi ndogo ya A6 iliyofika nzima ni bora kuliko A5 iliyofika imechanika. Chukua moja iliyokamilika, na gundi na stempu na kila kitu, ipeleke ikapimwe posta kabla hujaagiza mia mbili. Na jipostie moja. Iandike anwani ya sanduku lako, au mtumie ndugu aliye huko unakopeleka, akupigie picha itakavyofika.

Anwani zenyewe zinataka subira. Hapa kwetu barua huenda sandukuni, haiji mlangoni, na sanduku moja laweza kuwa la shule, la ofisi au la ukoo mzima. Oman na Imarati nako ni masanduku. Andika jina la mgeni kamili, na kama sanduku ni la mtu mwingine, litaje jina lake pia. Kwa Uingereza na Kanada usiache msimbo wa posta hata herufi moja, maana mashine husoma huo kabla ya jina la mtaa. Waandikie ndugu mapema waulize anwani. Ile waliyokupa miaka mitano iliyopita huenda wameshahama. Na anwani ya kurudisha iandikwe, kwa kalamu isiyoyeyuka kwa maji.

Nimechelewa kufika kwenye michoro, nayo ndiyo ninayoipenda zaidi. Wateja wengi huja na picha ya herufi mbili zilizozungushiwa majani ya mzeituni. Si mbaya. Lakini tembea Ndia Kuu utazame milango. Kuna waridi za mviringo zilizochongwa kwenye vizingiti, kuna minyororo pembeni, kuna matawi ya mtende, na waridi la mlango tayari lina umbo la muhuri. Linakaa kwenye duara la sentimita mbili na nusu kana kwamba lilichorwa kwa ajili hiyo. Kuna mchoro wa korosho kwenye leso za Biashara Street. Kuna asumini. Kuna jina lililoandikwa kwa khati ya Kiarabu, ambalo fundi mzuri hulizungusha likawa ua. Hilo linataka mtu anayejua kusoma kinyume, kwa sababu muhuri huchongwa kwa kugeuzwa, na nukta moja ikihama jina linakuwa la mtu mwingine. Jina la Mwenyezi Mungu au aya usiitie kwenye lakiri. Itapasuliwa na kutupwa jaani, na hilo halifai.

Na harufu. Qur'ani katika Suratul Mutaffifin inasema juu ya kinywaji cha watu wema kilichotiwa muhuri, na muhuri wake ni miski. Sijasoma aya ile bila kufikiria meza yangu. Wengine hunyunyiza manukato kwenye kadi, na mafuta yake hutia doa na kulegeza gundi. Njia yetu ni bora. Weka kadi wazi kwenye kapu, zifukize udi kwa moshi hafifu, zifunike kwa leso zilale hapo usiku kucha, ndipo uzitie kwenye bahasha na kuzibandika lakiri. Bahasha ya nje huizuia harufu isitoke. Aliye ughaibuni akifungua ile ya nje, kabla hajaona lakiri wala jina lake, ananusa nyumba ya harusi ya Mombasa.

Si lazima kadi zote ziwe hivyo. Harusi ya watu mia nne haina haja ya lakiri mia nne, na mwenye harusi asijitie kwenye deni kwa ajili ya nta. Walio karibu watapata kadi ya kawaida na watafurahi, kwa sababu watajionea wenyewe hina na kupamba na kuingia. Lakiri nzuri, bahasha mbili na stempu za kutosha ziwekeeni wale ambao hawatakuwepo, na wale wanaojipanga kusafiri. Hao ni wachache, na ndio wanaoiweka kadi kabatini miaka.

Kuhusu muda, hesabu nyuma kutoka siku ya nikaha. Harusi nyingi zetu huangukia Mfunguo Mosi, baada tu ya Idi, na mwezi mzima wa Ramadhani unakuwa umesimama katikati, mafundi wanafunga mapema na posta foleni zinabadilika. Kadi za Mfunguo Mosi zinazokwenda ng'ambo ziwe zimeshapostiwa Rajabu. Maana yake muhuri uagizwe kwa fundi kabla ya Rajabu haijaandama, na anwani ziwe zimeshakusanywa. Anayekuja kwangu katikati ya Shaaban na orodha ya watu wa Kanada, humfanyia kadi, humfanyia na lakiri, kisha humwambia atafute msafiri wa kuzibeba, naye msafiri aziweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku la kupakiwa tumboni mwa ndege.